Alichosema Esnah Wodini

Birongo,
3 Machi 2025

Kwa Daktari Gladys Nyanchoka,

Nimekuficha jambo tangu tulipomzika mjukuu wangu Nyasani, Mei mwaka jana. Barua ya malalamiko iliyokutoa kazini, ile yenye jina la mwanangu Haron, niliiandika mimi. Haron alitia sahihi tu. Kila sentensi ni yangu, hata ile ambayo nasikia mwenyekiti wa jopo la nidhamu aliisoma kwa sauti: "Daktari huyu ana masikio ya kupimia vifua, hana ya kusikilizia watu." Niliifanyia kazi sentensi hiyo asubuhi nzima. Ilipokaa sawa nilipumua.

Nakwambia leo kwa sababu wakili wako Anyona alikuja hapa Jumatano, akaketi kwenye kiti cha marehemu mke wangu bila kukaribishwa, akaniomba niwe shahidi wako katika kikao cha jopo cha Aprili. Alisema wewe ndiwe uliyemtuma. "Gladys anasema Mwalimu Onyiego hawezi kusema uongo." Ningecheka kama koo lingeniruhusu. Kansa imeniziba umio na kunila sauti. Binti yangu Roselyne akitaka kujua kama nataka maji au chungu cha haja, ananipa kalamu. Barua hii ataipiga picha akutumie kwa simu.

Basi ujue umemwita adui awe shahidi wako. Na si barua ile tu. Siku ya mazishi nilisimama kando ya jeneza nikasema, "Mtoto huyu Mungu hakumwita. Amesukumwa." Vijana wakauliza, "Na nani, Omogaka, mzee wetu?" Nikawapa jina lako, jina la baba yako, na kona ya kuingilia kwa mama yako. Nilijua watakachofanya. Walipofika kwenye lango la hospitali na matawi mikononi, nilikuwa nimeketi hapa barazani, najua saa hiyo wanaimba nini. Mama yako alipoondolewa kwenye kwaya ya kanisa lenu kule Nyamira, aliyemwandikia mchungaji ni mimi. Niliuliza, kwa upole kabisa, kama ni vema sauti ya nyumba hiyo iongoze nyimbo za Sabato.

Usiniulize kama najuta. Nyasani alibeba jina la baba yangu. Alikuwa amejifunza kunishika kidole na kunivuta hadi kwenye zizi kutazama ndama. Ulikaa naye siku mbili ukimtibu ugonjwa ambao hakuwa nao. Mama yake, Esnah, alisema kila kitu. Alikisema ndani ya wodi ile, mbele yako, kwa kinywa chake mwenyewe. Hilo nitalirudia mbele ya Mungu bila kutetemeka.

Mimi ndiye niliyekupokea ulipoletwa kutoka Nakuru, msichana wa kidato cha kwanza asiyejua hata kumwamkia mtu kwa Kikisii. Wenzako wakakuita Mgeni. Nani aliwanyamazisha? Nani alikwambia Kiswahili kitakutosha, ukijue tu vizuri? Ndiyo maana pigo lako liliniuma kuliko la mtu wa mbali.

Shahidi mtafute kwingine.

Zachariah Onyiego
Mwalimu Mkuu, mstaafu


Nyamira,
8 Machi 2025

Mwalimu,

Barua yako ilinifikia nikiwa shambani kwa mama, kikapu cha majani chai mgongoni. Ndiyo kazi niliyo nayo sasa. Niliisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa matopeni. Mama aliniita kutoka mstari wa juu, "Kuna nini huko chini, umeumwa na nyoka?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama, lakini ni wa zamani."

Sikumwambia habari ya kwaya. Bado anadhani walimtoa kwa sababu sauti yake imezeeka.

Karibu mwaka mzima nimemtafuta mtu wa kumchukia. Nilianza na bingwa wangu. Unajua kazi yangu ilikuwa ipi, au uliiandikia malalamiko bila kuijua? Mimi si daktari bingwa wa watoto. Wala si mwanafunzi. Nilikuwa nasomea ubingwa, niko katikati ya ngazi, na aliye katikati ndiye anayekanyagwa na wanaopanda na wanaoshuka. Juu yangu alikuwako bingwa ambaye wikendi ile alipatikana kwa simu tu. Chini yangu alikuwako Cleophas, daktari wa mafunzo, ambaye bado alibahatisha akitafuta mshipa kichwani kwa mtoto. Wodini watoto watatu kitanda kimoja, mashine ya oksijeni tunaihamisha kama majirani wanavyoazimana chumvi. Mtoto akipona, ni bingwa. Akifa, ni mimi. Jopo lilipokaa, bingwa alisema, "Sikuelezwa ya kutosha." Cleophas akasema, "Nilifuata maagizo." Mimi sikuwa na wa kumtupia.

Sasa nikwambie nilichokiona, kwa sababu naona hujawahi kuambiwa. Nyasani aliletwa amelegea, mate yanamtoka mdomoni, kifua kinakoroma, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Mtu yeyote aliyesomea watoto akiona mboni hizo anawaza sumu. Niliwaza sumu. Ndiyo maana nilitoka nikakuita kule kwenye korido. Esnah alikielewa Kiswahili changu, lakini alijibu kwa Kikisii, chini chini, amejifunika leso, na Kikisii changu unakijua.

Ukakataa kuingia. Ulisema, "Mke wa mwanangu ananyonyesha mle. Mimi siingii. Hiyo ni ensoni, Gladys, mwiko wetu wa haya, hata kama umekulia Nakuru." Mimi nikasema, "Basi simama dirishani, Mwalimu, utupe mgongo. Nahitaji masikio yako tu." Ulisimama. Nilimuuliza Esnah kama mtoto amepewa kitu, amelamba kitu, ameshika dawa ya mifugo au ya shamba. Akasema maneno yake. Ukaniambia hakuna. Nikauliza tena, kwa sababu mboni zile hazikuniridhisha. Ukaniambia tena hakuna. Nikaufunga mlango wa sumu, nikatibu homa ya uti wa mgongo na nimonia. Sindano ya kuipinga sumu ile ilikuwa kabatini, hatua chache kutoka kitandani.

Januari, mbele ya jopo, Esnah akasimama akasema alikuwa mjamzito, alitaka kumwachisha mtoto kunyonya, pilipili mtoto ameizoea, basi akapaka titi dawa ya kupe, ile ya kunyunyizia ng'ombe. Na kwamba alinieleza yote. Mwalimu, nilishika meza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia jambo hilo.

Kati yenu mmoja ni mwongo. Wewe umeniandikia uovu wako wote bila kuulizwa, hata wa kwaya. Mtu wa namna hiyo habakizi kitu mfukoni. Basi mwongo ni Esnah. Alimtia mwanawe sumu, akanyamaza, kisha akaniuza ili anunue jina lake. Wakili Anyona ameandaa hati ya kumpeleka polisi: kusababisha kifo, na kuapa uongo. Nilikuwa nimemzuia kwa huruma. Jana nimemruhusu. Nataka mwanamke huyo aijue sakafu ya seli. Wewe utakufa kitandani mwako, sina la kukufanya, lakini yeye yuko mikononi mwangu.

Niliposikia unaumwa nilikutumia parachichi. Nataka zirudi.

Gladys Nyanchoka


Birongo,
13 Machi 2025

Daktari,

Parachichi siwezi kuzirudisha. Roselyne aliziponda na maziwa, nazo ndizo chakula pekee kilichopita kooni wiki ile. Uzihesabu kama nyara nilizoteka kwako.

Mwache Esnah.

Nakubali kuliambia jopo kwamba malalamiko niliyaandika mimi, kwa chuki. Nitatia sahihi neno hilo mbele ya wakili wako, hata kwenye kiti kile kile. Litakusaidia. Nipige mimi, ngozi bado ipo ingawa nyama imekwisha. Lakini msichana yule hukumjua. Haron alipomleta hapa miaka minne iliyopita, alinyamaza mwezi mzima kwa heshima, hata tukadhani ni bubu. Nikipita uani anaacha kufagia na kugeuka ukutani. Sijawahi kumtazama usoni kwa kituo, wala yeye mimi. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, nami sioni aibu kuliandika. Hawezi kusimama mbele ya watu wenye tai akatunga uongo. Hana mtambo wa kuutengenezea.

Unasema mmoja wetu ni mwongo. Ni wewe unayetaka iwe hesabu ya mbili toa moja. Labda hukusikia. Labda wodi ilikuwa na kelele. Watoto walikuwa wanalia, ninakumbuka, na mhudumu alikuwa anasukuma ndoo. Usiniulize mimi nilisema nini. Uliniamuru niwe mgongo, nikawa mgongo.

Mchungaji alikuja jana kunihimiza nikusamehe. Nikamwandikia kwenye karatasi, "Asiye na meno ndiye husamehe mfupa." Akaisoma, akaikunja, akaomba kwa kifupi sana. Mimi bado nina meno mawili, Gladys, na yote mawili nimeyaweka kwa ajili yako. Lakini si kwa ajili yake.

Z. Onyiego


Marani,
21 Machi 2025

Kwa Daktari Gladys,

Salamu. Mimi ni Esnah mama Nyasani. Kiswahili yangu ni ya darasa ya sita, unisamehe. Nimepata karatasi ya wakili wako. Mtu wa pikipiki alinipea mbele ya watu, akasema "Mama, umeitwa na serikali." Sasa mama yangu anasema nitoroke na huyu mtoto mdogo. Sitoroki. Niko hapa kwa mama kwa sababu Birongo watu walianza kuniangalia vibaya baada ya Januari.

Daktari, mimi nilikwambia. Kwa nini unakataa? Mimi sikatai dhambi yangu. Mimi nilipaka hiyo dawa. Watu husema maziwa ya mama mwenye mimba inaharibu mtoto, na Nyasani alikuwa analia usiku na mchana anataka tu kunyonya. Sikujua ni mbaya hivyo. Ng'ombe inanyunyiziwa na inakaa sawa. Kila siku nalia. Lakini kusema, nilisema.

Uliuliza kama amelamba kitu. Mimi nilisema kwa Kikisii, yote, na nikauliza kama inaweza kumfanya hivyo. Niliongea polepole kwa sababu Baba alikuwa hapo dirishani, na ni aibu kubwa sana kusema neno hiyo kama Baba anasikia. Nilisema nikiwa nimefunga macho. Baba akanyamaza. Nilidhani amekasirika. Halafu akakwambia kwa Kizungu. Ukauliza tena, na Baba akasema tena kwa Kizungu. Mimi Kizungu sijui. Lakini Baba ni mwalimu, nikajua amekwambia vizuri kuliko mimi.

Halafu wewe ukaniambia kwa Kiswahili, "Mama, endelea kumnyonyesha, titi ndiyo nguvu yake." Mimi nikasema kwa roho, kama daktari anajua na anasema ninyonyeshe, basi hiyo dawa haina shida. Hata nguo sikubadilisha. Ndiyo maana nilikuchukia. Nilisema, huyu daktari alijua na akaniacha nimuue mtoto na mkono yangu.

Ukitaka kunifunga nifunge. Lakini usiseme sikusema.

Esnah Kemunto


Nyamira,
23 Machi 2025

Mwalimu Onyiego,

Soma barua hii ya Esnah, nimemtumia Roselyne picha yake. Isome hadi mwisho, kisha uendelee na yangu.

Umemaliza? Mimi niliisoma nikajifungia chooni ili mama asinione.

Kizungu. Nilikuwa nimesahau. Tulipokuwa kwenye korido tulisema Kiswahili. Ulipokataa kuingia, ulikataa kwa Kiswahili. Ulipofika dirishani nikakuuliza kama unasikia vizuri, ukajibu, "Nasikia, endelea." Kisha Esnah akasema, ukanyamaza, nami nikawa natazama kifua cha mtoto na saa ya ukutani, nikisubiri. Ulipofungua kinywa kilitoka Kiingereza. Na mara ya pili, Kiingereza tena. Wewe! Mwalimu aliyetuvisha kibao shingoni kwa kuchanganya lugha. Mwalimu aliyesema mtu anayerukia Kiingereza katikati ya Kiswahili ana jambo analikimbia. Nilidhani umechoka. Nilidhani ni heshima kwa koti langu jeupe.

Sasa nakujua. Sikuandikii kukuuliza. Nakuandikia kukueleza bei.

Wakili anasema barua ya Esnah haitoshi. Jopo litasema ameiandika kujiokoa na polisi. Hakuna mwingine aliyekuwapo; Cleophas alikuwa ametumwa maabara na damu. Wewe ukifa kabla ya kusema, kesi inabaki ya wanawake wawili, neno langu na neno lake. Na mimi, Mwalimu, nitachagua langu. Usidhani barua hii imenilainisha. Nimeamini kila mstari wake na bado nitamwangusha. Nitasimama pale tarehe kumi na nne Aprili niseme mama huyu hakuniambia kitu, na itakuwa kweli, na watamchukua. Huyo mtoto mdogo atakua akienda kumtazama mama yake kwenye wavu wa gereza. Ni mjukuu wako pia. Nasikia ni msichana, nasikia wamempa jina la mkeo.

Nilitaka kulipiza kisasi kwa mtu, na mtu mwenyewe amebakiza mifupa. Kumpiga mgonjwa hakunipi kitu. Lakini nimegundua unaumia mahali pamoja, na ni wewe mwenyewe uliyenionyesha, ulipoandika "mwache Esnah". Hapo ndipo nimeweka mguu wangu. Siuondoi.

Andika kilichosemwa. Neno kwa neno, kwa Kiswahili, ulichosikia na ulichonijibu. Usiniletee ensoni wala kelele za ndoo.

Na nikishapata barua hiyo, usitarajie msamaha. Nimetafuta ndani yangu mahali unapokaa, nikakuta pameshapangishwa kitu kingine.

Gladys


Birongo,
29 Machi 2025

Dada Gladys,

Ni Roselyne. Baba amesoma. Hajanywa kitu tangu jana, anageuza uso ukutani. Nilipomwuliza, "Baba, ni kweli?" alinipokonya kalamu akaitupa chini ya kitanda. Mimi sijui cha kukwambia. Nilikuwa miongoni mwa wale walioimba langoni, na nikaimba kwa nguvu. Usimwandikie tena, tafadhali. Akitaka kalamu nitaingia chini ya kitanda niitafute.

Roselyne


Birongo,
2 Aprili 2025

Gladys,

Hii itakuwa ya mwisho. Roselyne ameishika karatasi kwa pande mbili ili isiteleze. Anasoma ninavyoandika, na machozi yake yanachafua pembezoni. Amemwita mzee wa kanisa na wakili wako. Wako sebuleni wanakunywa chai. Watatia sahihi chini ya yangu. Umenishinda. Nakupongeza, mbinu yako ilikuwa ya kikatili, nami nilikuwa mwalimu wako.

Usidhani nakupenda. Hata sasa nikilifikiria jina lako mkono unakaza. Nimejaribu kujua chuki hii ilianzia wapi, kwa sababu mtu anayekufa ana muda mwingi wa kutafuta, na nimepata. Ungeuliza mara moja tu, ningekusamehe siku ile ile. Ningesema: msichana wa watu, alikuwa na haraka, wodi imejaa. Lakini uliuliza mara mbili. Ulinirudishia mlango ukiwa wazi, ukanitazama mgongo, ukasubiri. Hilo ndilo sikuweza kukusamehe. Kila nilipoisikia sauti yako kichwani ilikuwa mara ya pili ile.

Na si mara mbili tu. Mtoto aliishi siku mbili. Usiku wa kwanza nililala kwa binamu yangu kule Nyakoe, nikasema: asubuhi nitamwambia. Asubuhi nikafika, nikakukuta umeinama juu yake unampumulisha kwa mpira wa kupulizia hewa, jasho linakutiririka. Nikawaza: nikisema sasa atauliza kwa nini sikusema jana. Nikarudi kwenye benchi. Mchana Cleophas alipita, akaniuliza, "Mzee, umekula?" Nikasema nimekula. Ndicho kitu pekee nilichoulizwa siku ile. Wengine walikuwa na kazi.

Alipokufa, nilijua mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba ni mimi, na kwamba si lazima mtu ajue. Mtu akijua hayo mawili anahitaji adui upesi sana. Ulikuwa karibu.

Watu watasema ni mila. Wakili wako tayari ameniandalia maneno hayo, mtu mwema, anasema jopo litaelewa mzee wa Kikisii asiyeweza kulitaja titi la mke wa mwanawe mbele ya binti aliyemfundisha. Aliniandikia kwenye karatasi ili niinakili. Nimeyakata kwa kalamu. Ni kweli Esnah alipolitamka nilitamani sakafu ipasuke. Lakini ensoni ilinitaka ninyamaze tu. Ningeweza kutoka. Ningeweza kukwambia, "Siwezi kulisema hili, mwite muuguzi wa Kikisii amsikilize." Wauguzi walikuwapo, wanawake, wenye lugha yao. Babu zangu, pamoja na ensoni yao yote, wangefanya hivyo. Hakuna mila iliyonifundisha nilichofanya. Nilikitunga mwenyewe kati ya pumzi mbili, kwa sababu niliona utamfunua kifua pale pale nikiwapo, utaniuliza dawa inaitwaje na ilikuwa kwenye chupa gani, na mimi, Mwalimu Mkuu, nitasimama mbele ya mwanafunzi wangu nikizungumza habari za matiti. Nikajiambia ni jambo la wanawake, dogo tu, halitakuwa na neno. Nilijiona nimeokoa heshima ya nyumba yangu.

Basi haya ndiyo uliyoyataka, neno kwa neno, kwa Kiswahili.

Esnah alisema: "Nimekuwa nikipaka titi dawa ya kupe tangu Jumapili ili aache kunyonya. Mwambie daktari. Muulize kama ndiyo inayomuua mwanangu."

Nilimsikia vizuri. Hapakuwa na kelele. Ndoo ilikwisha kupita. Nikakujibu kwa Kiingereza kwamba anasema mtoto hajagusa kitu chochote. Uliporudia swali, nikarudia jibu. Na Kiingereza sikukichagua kwa uchovu, wala kwa heshima ya koti lako. Nilikichagua kwa sababu Kiswahili Esnah angekielewa, na angenisahihisha.

Zachariah Onyiego